Soda Tatu kwa Ukuta Mmoja

Mimi kazi yangu ni kuchimba choo. Nasema mapema ili mwenye kutaka kuziba pua azibe sasa. Kutoka Nyakoe mpaka ndani ndani ya Nyamira kuna familia nyingi zinachuchumaa kwa amani juu ya mashimo yangu, na sijasikia hata moja ikinitaja wakati wa kuombea chakula. Shule niliacha kidato cha pili. Watu wengine wakiacha shule husema karo ilikosekana. Mimi karo ilikuwepo, kaka yangu mkubwa aliilipa kutoka kwa mshahara wake wa ualimu, kila muhula, bila kunung'unika. Kilichokosekana ni kichwa.

Huyu kaka namtaja mapema pia, kwa sababu bila yeye hakuna habari. Baba yetu alifariki nikiwa darasa la tatu. Kaka ndiye alininunulia viatu vya kwanza, ndiye alinichapa nilipovipoteza, ndiye alinifundisha kunyoa ndevu. Sasa amestaafu, ni mzee wa kanisa, anavaa koti hata kwenye jua. Na mpaka leo nikisikia kikohozi chake nasimama wima kama mtu amepatikana na avokado za jirani ndani ya shati.

Boma letu liko kwenye mgongo wa kilima. Juu ni chai, chini ni migomba, na chini kabisa karibu na mto ni mikaratusi ya kaka, imesimama kwa mstari kama wanafunzi wa bweni. Katikati, mahali ambapo mtu mwenye akili angepanda chai, kulikuwa na ukuta wa mawe. Ulikuwa umezunguka duara, umeanguka sehemu nyingi. Mahali pengine ulifika kiunoni, mahali pengine ni mawe tu yalilala kwenye nyasi kama ng'ombe wameshiba. Wazee walituambia ilikuwa egesarate, ile boma ambayo vijana wa zamani walikaa na ng'ombe, wakizilinda zisichukuliwe na maadui. Sisi tukiwa watoto tulicheza humo vita, na mimi siku zote nilikuwa ng'ombe.

Ndani ya duara kulikuwa na jiwe pana limetokeza ardhini, na juu yake mashimo saba, laini kama bakuli. Wanawake walisaga wimbi hapo mpaka jiwe lenyewe likaisha hivyo. Mama alipoletwa boma hili kama bibi harusi, mama mkwe wake alimpeleka pale akamwonyesha shimo la pembeni.

"Hili ni lako," alimwambia. "Lile la katikati ni langu. Usiguse."

Baadaye mashine ya kusaga ilikuja sokoni na kila mtu akahamia huko. Lakini mama kila mavuno alichukua wimbi ya kwanza, bakuli moja tu, akapiga magoti kwenye shimo lake la pembeni akaisaga kwa mkono. Alisema uji wa mashine una ladha ya mkanda. Mama mkwe alishakufa zamani sana, na lile shimo la katikati mama hakuwahi kuligusa. Nilimuuliza siku moja kama anaogopa mzimu. Akaniambia, "Mzimu siogopi. Namwogopa mwenyewe."

Sasa. Mambo yalianza na choo, kama mambo yangu yote.

Kaka aliniambia nichimbe choo cha wachumaji wa chai, ndani ya ukuta, pembeni, mahali hapaonekani kutoka barabarani. Nikaanza. Futi ya kwanza udongo wa kawaida. Futi ya tatu nikaingia kwenye majivu. Majivu mengi, meusi, yamelaliana kama mkeka juu ya mkeka. Halafu vigae vya chungu vyenye michoro ya kamba. Halafu madonge mazito, meusi, yenye matundu, na mzee mmoja jirani akayaangalia akasema haya ni mavi ya chuma, uchafu unaobaki mtu akiyeyusha chuma. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Miaka yote nachimba mashimo ya mavi, na hii ndiyo mara ya kwanza nayakuta yamenitangulia.

Niliweka vigae vichache kwenye dirisha la nyumba yangu kama maua. Mwalimu mmoja wa sekondari akapita, akaviona, akavipiga picha kwa simu, na wiki chache baadaye akaja mama mmoja kutoka Nairobi, mtafiti wa chuo kikuu, anachunguza mambo ya watu wa kale. Kila mtu alimwita Daktari. Mama yangu aliposikia ni daktari akakunja sketi akamwonyesha goti.

"Mwambie linauma nikipanda mlima," mama aliniambia kwa Kigusii.

Daktari akauliza, "Anasema nini?"

"Anakukaribisha," nikasema.

Mama hajui Kiswahili, kwa hivyo mimi nilikuwa mkalimani wa hao wawili kwa wiki tatu nzima. Kwa wiki hizo nilikuwa mtu mkubwa. Daktari aliniajiri nimsaidie kuchimba. Alipima mraba mdogo kwa kamba, akapiga magoti, akatoa mwiko wa fundi na brashi. Mimi nikaona huyu atamaliza Yesu akirudi. Nikashika jembe.

"Hapana!" akapiga kelele. "Polepole! Ukitoa kitu bila kujua kilikuwa wapi, umekifuta."

Basi nikajifunza kuchimba polepole. Mtu anayelipwa kwa kufika chini haraka, nikajifunza kukaa siku nzima kwenye kina cha kiganja. Nilikuja kuona udongo una mistari, kila mstari na rangi yake, na kwamba mstari wa majivu ni siku watu walikaa pale wakala, na mstari mwekundu juu yake ni miaka hakuna mtu alikuja. Hakuna mwalimu aliwahi kunifundisha kitu nikakielewa mara moja namna hiyo. Jioni nikipita sokoni nilikuwa nawaambia watu wasiniguse, mikono yangu sasa ni ya chuo kikuu.

Siku anaondoka, Daktari alinipa ile brashi. Akaniambia kazi ya kuandikisha mahali pale palindwe na sheria itachukua muda, makaratasi ni mengi.

"Mpaka hapo wewe ndiye mlinzi," akasema. "Mtu akitaka kugusa hapa, nipigie simu."

Mlinzi! Mimi ambaye hata kuku wangu hunikimbia. Niliitundika ile brashi kwenye msumari juu ya kitanda. Wakati mwingine niliishusha kusafisha viatu vya Sabato, lakini niliirudisha kila mara.

Halafu barabara ikaja.

Lazima niseme ukweli kuhusu barabara, kwa sababu nikisema uongo hapa basi mimi na kaka tutakuwa sawa. Tuliihitaji. Kutoka kwetu mpaka lami kulikuwa na njia ya udongo tu, na mvua ikinyesha ilikuwa sabuni. Mwaka fulani shemeji yangu, mke wa kaka, alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Tulimfunga kwenye ngazi ya mbao kwa leso, mimi mbele, kaka nyuma, majirani kando. Tulianguka mara mbili. Shemeji alipona. Mtoto alikuwa ameshakufa tulipofika lami. Kaka alisimama pale kwenye lami na matope mpaka mapajani, akakunja leso moja moja, vizuri, kama anaweka kabatini. Kwa hivyo tuliposikia barabara inakuja, mimi niliruka kuliko wote.

Wapimaji walikuja wakasema kuna njia mbili. Njia ya juu inapita moja kwa moja mgongoni mwa kilima, katikati ya ukuta wa mawe. Njia ya chini inazunguka karibu na mto, inakuwa ndefu kidogo, na inakata mikaratusi ya kaka. Wakasema wananchi wataitwa watoe maoni, na kuna watu watachunguza kama kuna miti muhimu, chemchemi, makaburi, au mabaki ya kale. Kaka akachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya barabara. Nani mwingine? Ndiye mwenye koti.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule ya msingi, hema mbili, viti vya plastiki, na kreti za soda zimepangwa nyuma ya meza kama kwaya. Utaratibu ulikuwa rahisi: ukiandika jina kwenye listi na kuweka sahihi, unapata soda na nusu mkate. Nilifika mapema. Niliandika jina langu la ubatizo nikapewa soda. Nikainywa nyuma ya darasa. Nikarudi, nikavaa kofia, nikaandika jina langu la nyumbani, na namba ya kitambulisho nikaipindua kichwa chini. Dada wa listi hakunijua, ametoka mbali. Lakini kaka alikuwa amekaa hapo karibu, na aliniona.

Nilingoja kikohozi. Badala yake akacheka, kaka yangu ambaye hacheki, akanipiga begani.

"Andika tu, ominto," akasema. Hivyo ndivyo tunaitana ndugu kwetu. "Na ya mama usisahau. Yeye amebaki nyumbani na hana soda?"

Nikaona leo kaka ni mtu kabisa. Namba ya kitambulisho cha mama naijua kwa kichwa, mimi ndiye humjazia fomu zake zote. Nikaandika jina lake, nikaweka dole gumba langu mahali pa dole gumba lake, nikapewa soda ya chungwa, chupa ya plastiki. Maandishi yaliyokuwa juu ya karatasi yalikuwa ya Kiingereza, madogo, mengi. Sikuyasoma. Nani husoma juu ya listi ya soda?

Wakati wa maoni nilisimama. Na niseme bila aibu, niliongea vizuri. Nikasema mimi ni mlinzi wa egesarate, niliyeteuliwa na chuo kikuu, mshahara wangu ni brashi moja. Watu wakacheka. Nikasema huo ukuta ulizuia maadui enzi za mababu, sasa tunataka uangushwe na serikali yetu wenyewe bila hata mkuki? Wakacheka zaidi. Nikasema ipitisheni chini kwa mikaratusi, mikaratusi haina bibi aliyewahi kusaga juu yake. Wakapiga makofi, wengine wakapiga meza. Kaka mwenyewe aliinama akafuta macho kwa kitambaa. Nikakaa chini nikijua nimeshinda. Nikampelekea mama soda yake nikamwambia ukuta umepona, hii ni soda ya ushindi. Alikunywa nusu siku hiyo na nusu kesho yake, halafu akaosha chupa akaanza kuwekea mafuta ya kupikia.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nikakuta vigingi vyenye vichwa vyekundu vimepigwa ndani ya ukuta, mstari mmoja, na kimoja kiko hatua tatu kutoka kwa jiwe la kusagia. Nikaenda kwa kaka mbio.

"Hizo ni za kupima tu," akaniambia. Alikuwa anakunywa chai, hakuweka kikombe chini. "Wanapima juu, wanapima chini, halafu wanalinganisha. Kwani wewe ukichimba choo hupimi kwanza?"

"Napima."

"Basi."

Nikarudi nyumbani nimetulia. Hata nilijiona mjinga kumsumbua mtu mzima na chai yake.

Jumatano moja Daktari akaja bila kupiga simu. Alikataa kiti. Mama akamletea ndizi, akakataa ndizi, na hapo nikajua kuna jambo, kwa sababu huyo Daktari alipenda ndizi zetu kuliko udongo. Akatoa ripoti kubwa kwenye mkoba, akaifungua mwisho.

"Nilipeleka ombi la kuzuia barabara isipite kwenye ukuta," akasema. "Nikajibiwa kwamba wenye shamba wenyewe wamekubali njia ya juu, na kwamba hapa hakuna mabaki yoyote yanayojulikana. Nikasema haiwezekani, nina mtu pale. Wakanionyesha sahihi."

Akaweka kidole. Ilikuwa listi ya soda. Juu, kwa yale maandishi madogo, alinisomea polepole akinigeuzia kwa Kiswahili: sisi tulioweka sahihi hapa chini tumeelezwa mradi, tunaunga mkono njia ya juu, na hatujui kitu chochote cha kale katika sehemu hiyo.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Na hii?"

Nikaiangalia. Mkia wa herufi yangu ya mwisho hupinda kama mkia wa nguruwe, huwezi kuukosea.

"Pia ni yangu."

"Umekubali mara mbili," akasema. "Wengine wote wamekubali mara moja, wewe mara mbili. Na hii ni ya mama yako?"

Mama alikuwa amekaa hapo mlangoni anatuangalia midomo. Akaniuliza, "Anasema nini?"

Nikasema, "Anauliza goti linaendeleaje."

Nikamwambia Daktari habari ya soda. Nilijaribu kuisimulia kwa mzaha, kwa sababu sijui njia nyingine. Hakucheka. Nikamuuliza, na hotuba yangu? Watu mia wamenisikia! Akafungua ukurasa mwingine wa mambo yaliyosemwa mkutanoni, akanionyesha mstari mmoja. Ulisema mkaazi mmoja aliwachangamsha watu kwa vichekesho. Basi. Chini kabisa kulikuwa na jina la mwenyekiti aliyethibitisha kwamba hayo ndiyo yaliyotokea, na sahihi yake nzuri ya kialimu. Ile ile iliyokuwa kwenye ripoti zangu za shule, mahali pa sahihi ya mzazi.

Nilitafuta njia ya kumtetea. Naapa nilitafuta. Nikajiambia labda kaka pia hakusoma juu. Mwalimu wa miaka thelathini.

Daktari akaniambia bado kuna nafasi ndogo. Kama familia itaandika barua kwamba sahihi zilichukuliwa vibaya na kwamba mahali hapo pana mabaki, yeye ataipeleka, na kazi itasimamishwa mpaka ichunguzwe tena. Lakini iandikwe upesi, na iandikwe vizuri.

Hapa ndipo nilifanya lile kosa ambalo sitaki mtu anisamehe. Shamba bado liko kwa jina la marehemu baba, na kaka ndiye msimamizi. Na mimi barua sijawahi kuandika tangu ile ya kuomba msamaha kidato cha pili, ambayo pia aliniandikia yeye. Kwa hivyo nilikwenda kwa kaka. Nilijua alichofanya, na bado nikaenda kwake aniandikie barua ya kulalamika juu yake. Mtu ukizoea mkono mmoja kukuvusha mto, hata siku ule mkono ndio umekusukuma, bado unaunyooshea wako.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Hiyo listi ilichanganywa," akasema. "Ni makosa ya wale watu wa ofisi. Nitaandika barua mwenyewe. Wewe Kiingereza yako itatuaibisha."

"Upesi, kaka."

"Njoo Jumapili asubuhi tuweke sahihi, Jumatatu naipeleka kwa mkono. Na kabla nisahau. Kuna ndugu wa kanisa Nyakoe anataka choo, ameniomba nimtafutie fundi. Anataka uanze kesho, ikiwezekana umalize Ijumaa kabla Sabato haijaingia."

Nikamshukuru. Niseme hilo pia: nikamshukuru.

Alhamisi nilichimba. Ijumaa nilikuwa futi kama ishirini chini, na chini ya shimo simu haishiki. Ni baridi huko, kimya, unaona mbingu kubwa kama sahani. Nilikuwa naimba. Saa nne nilivutwa juu nikanywe chai, na simu ikaanza kutetemeka mfukoni kama panya ameshikwa. Jirani. Jirani. Jirani mwingine. Shemeji, mara tano.

Nilipanda pikipiki na matope yangu yote. Nilipofika, tingatinga lilikuwa limeshamaliza kazi na limezimwa, dereva anakula mandazi kivulini. Mgongo wa kilima ulikuwa umefunguliwa, mwekundu, mpana, umenyooka. Ukuta ulikuwa rundo moja upande wa juu, na lori linapakia mawe ya kwenda kujenga kivuko. Jiwe la kusagia lilikuwa limepasuka vipande vitatu na kusukumwa chini kwenye migomba. Nilihesabu mashimo. Niliona manne. Kwenye ukingo uliokatwa na tingatinga ile mistari ya udongo ilionekana wazi kabisa, majivu, mwekundu, majivu, safi kuliko Daktari alivyowahi kuipata kwa brashi. Chini yake vigae vimetapakaa. Vimefutwa vyote, kwa saa mbili.

Dereva akaniambia kwa upole, "Boss, sisi tuliambiwa hapa hakuna kitu."

Kaka alikuwa amesimama pale na koti lake na mwavuli. Nilimwendea. Nilikuwa na mtaimbo mkononi, nilikuwa nimesahau kuuacha Nyakoe, na niliona watu wakisogea. Nikauweka chini.

"Kaka, Jumapili bado."

"Najua."

"Ulinitafutia choo."

Akafunga mwavuli wake.

"Ulinitafutia choo ili niwe chini ya ardhi!"

"Ungekuja hapa ungefanya nini?" akasema. "Ungelala mbele ya tingatinga? Ungefanya watu wacheke, halafu ungeumia. Sikutaka uumie." Akaangalia ile barabara. "Umesahau ile ngazi? Ulishika mbele. Umesahau?"

"Sijasahau. Lakini hata njia ya chini ingefika lami, kaka. Ingefika."

"Ingekula miti yangu yote."

Alisema hivyo tu, bila kupamba. Nafikiri hilo ndilo neno la kweli la pekee nililosikia kwake mwaka huo. Nilitaka angalau anidanganye tena kidogo. Kuhusu mtoto, kuhusu shemeji, kuhusu maendeleo. Ningemwamini. Nina mazoezi.

Daktari nilimpigia simu mwenyewe. Akaniambia nikusanye vigae ninavyoweza na niandike nilivyookota wapi. Nikamwambia vimeokotwa barabarani. Hajarudi tena. Simlaumu, kwenye makaratasi yake mimi ndiye mtu aliyekubali mara mbili.

Mama nilimwambia Jumapili. Ilikuwa lazima, kwa sababu alitaka kujua nani aliipa serikali ruhusa, na mimi ndiye nilikuwa na dole gumba lake. Nilimweleza yote, listi, maandishi madogo, kofia. Sikuweka mzaha. Alikuwa anachambua mboga, hakuacha kuchambua.

"Kwa hivyo ile soda," akasema mwishoni.

"Ndiyo."

"Na nilikunywa siku mbili."

"Ndiyo, mama."

Akainuka. Akachukua ile chupa ya plastiki jikoni, akamimina mafuta ya kupikia kwenye sufuria, akaiosha kwa maji moto na majivu, akaisuuza, akaiosha tena, mpaka haikuwa na harufu wala ya mafuta wala ya chungwa. Nikadhani anataka nimpelekee kaka. Nikanyoosha mkono.

"Wewe kaa," akasema. "Wewe ulikunywa zako ukamaliza."

Nilibaki mlangoni. Niliona anavyotoka, kitenge kifuani, chupa tupu mkononi, akaelekea kwa mwanawe mkubwa kuirudisha. Zamani kwenda kule kulikuwa kazi, unashuka mpaka migombani, unapanda tena, unapumzika kwenye jiwe la kusagia kwa sababu ya goti. Siku hiyo hakupumzika mahali. Barabara ilikuwa imenyooka, imepigwa vizuri, haina hata jiwe moja. Alifika haraka sana.